UZI: "Tafadhali" haitoshi. Pragmatiki (taaluma ya maana ya usemi katika matumizi) na adabu ya usemi wetu wa Mtwara na Lindi

#1 Mvule_Mikindani

Wakuu, salamu kwenu wa Kusini na wa kwingine. Nafungua uzi huu kwa sababu ya kosa linalojirudia katika kazi za wanafunzi wa isimu na hata kwenye mafunzo ya huduma kwa wateja. Adabu ya usemi inafundishwa kama orodha ya maneno matatu: tafadhali, samahani, asante. Kaa nusu saa soko la samaki la Feri pale Mtwara mjini, hesabu "tafadhali" utakazozisikia. Ni chache mno, na bado watu wanauziana kwa heshima. Adabu yao imekaa mahali pengine kwenye sentensi.

Mchukueni mnunuzi wa pweza. Anaweza kusema:

"Nipe pweza wa elfu tano."
"Naomba pweza wa elfu tano."
"Mama, habari za toka asubuhi? Pweza yupo?"

Zote tatu zinaleta pweza. Ya tatu haina hata neno moja la kuomba, na ndiyo yenye adabu kuliko zote. Kwa nini?

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda. "Naomba" haielezi ombi, bali ndilo ombi lenyewe. Mwanafalsafa mwenzake John Searle akaendelea 1969 na 1975: kila tendo lina masharti yake, na unaweza kulitenda kwa kugusa sharti moja tu. Ombi la kununua lina sharti la kwanza kwamba kitu kiwepo. Basi Kiswahili kimechagua sharti hilo. "Sukari ipo?" "Mkaa upo?" "Pweza yupo?" Muuzaji hajibu "ndiyo" akanyamaza, anashika mizani. Na kama hakuna, anasema "wameisha", hakuna aliyemkatalia mwenzake. Aliyeishiwa ni pweza, heshima za watu ziko palepale.

Ndiyo maana "Unaweza kunipa maji?" huwa inakwaruza masikio ya wengi huku. Waingereza wamechagua sharti la uwezo, sisi tumechagua sharti la kuwepo. Mwanafunzi anayetafsiri njia ya Kiingereza neno kwa neno hupata sentensi sahihi kisarufi ambayo mtu wa Mikindani anaisikia kama swali la kupima nguvu zake.

Mwanafalsafa mwingine, Paul Grice (mihadhara ya 1967, ikachapishwa 1975), anatuambia msikilizaji anafikaje kwenye ombi ambalo halikusemwa. Tunachukulia kwamba mwenzetu anashirikiana nasi: anasema kiasi kinachotosha, anasema kweli, anasema kinachohusika, anasema kwa namna inayoeleweka. Mtu amesimama mbele ya meza ya samaki anauliza kama pweza yupo. Kama hataki kununua, swali lake halihusiki. Kwa hiyo anataka kununua. Hesabu hiyo inafanyika kichwani kwa muda mfupi kuliko wa kuinua kisu.

Ila Grice anaeleza *namna* tunavyoelewana, haelezi *kwa nini* tunazunguka. Hapo ndipo zinaingia nadharia za uso, na hapo ndipo ningependa tubishane.

---

#2 Mhitimu_Masasi

Asante kwa uzi, mkuu. Naomba ufafanuzi kwenye uso chanya na uso hasi. Kwenye mtihani wengi tunaandika kwamba uso hasi ni uso mbaya.

---

#3 Mvule_Mikindani

Kosa hilo limezaliwa na tafsiri. Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika 1955 kwamba uso ni thamani ambayo mtu anajidai mbele ya wenzake, na mazungumzo ni kazi ya kuilinda, yako na ya mwenzako. Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson (1978, kisha kitabu 1987) wakaugawa mara mbili. Mimi nashauri msahau "chanya" na "hasi", mtumie haya:

Uso wa kupendwa (ndio chanya): nataka nikubalike, nionekane mwenzenu.
Uso wa kutobughudhiwa (ndio hasi): nataka niachwe huru, nisisukumwe.

Hakuna uso mbaya hapo. Ombi linagusa wa pili, kwa sababu linamsukuma mtu. Lawama inagusa wa kwanza. Tendo lolote lenye kugusa uso mmojawapo wao wanaliita tendo tishio, na msemaji ana njia tano: kusema wazi bila kulainisha ("Leta ungo"), kulainisha kwa kujenga ujamaa ("Dada yangu, si unanijua mimi, lete ungo tupepete"), kulainisha kwa kutosukuma ("Samahani, nilikuwa naomba ungo mara moja"), kudokeza ("Mchele wangu huu umejaa chuya, na ungo wetu umetoboka"), au kunyamaza na kwenda kununua ungo.

Tazameni "nilikuwa naomba". Ombi ni la sasa hivi, lakini kitenzi kimerudishwa nyuma, kana kwamba nia ilikuwepo na inaweza kufutwa bila hasara. Hakuna anayeuliza "Na sasa huombi tena?" Sarufi inampa mwenzako mlango wa kutokea. Hivyohivyo "kidogo" na "mara moja": "naomba maji kidogo" haimaanishi nusu kikombe. Na "nisaidie chumvi hapo", ambapo kupewa kumegeuzwa kusaidiwa, basi anayetoa anapanda daraja, akawa mfadhili.

Sokoni kuna mnyambuliko unaofanya kazi hiyohiyo. "Punguza" ni amri juu ya bei. "Nipunguzie" inaingiza *mimi* ndani ya kitenzi, na punguzo linakuwa la undugu, si la kushindwa kwa muuzaji. "Bei haina maongezi?" ni laini zaidi, kwa kuwa anayeulizwa ni bei.

---

#4 Mhitimu_Masasi

Na ile fomula ya uzito? Kila mwalimu anaitaja, hakuna anayeikokotoa.

---

#5 Mvule_Mikindani

Ni hii:

uzito wa tendo = umbali kati ya wawili + mamlaka ya msikilizaji juu ya msemaji + ukubwa wa jambo katika utamaduni huo

Uzito ukipanda, msemaji anashuka kwenye zile njia tano, toka kusema wazi kuelekea kudokeza na kunyamaza. Kuomba kijiti cha kiberiti kwa jirani wa rika lako: vyote vitatu viko chini, "Nipe kiberiti" inatosha, na ukiizungusha sana jirani atajiuliza umemkasirikia nini. Kuomba laki mbili kwa mjomba mwezi wa nane, kabla korosho hazijaanza kuuzwa: umbali mdogo, mamlaka makubwa, jambo kubwa. Hapo utasikia salamu ndefu, hali za watoto, hali ya mikorosho, "mjomba, nina shida kidogo", na ombi linakuja mwishoni.

Msichokifanya: msiweke namba 1 hadi 5 kwa kila kipengele, mkajumlisha, mkasema "uzito ni 11 kwa hiyo ni njia ya nne". Wenyewe hawakutoa kipimo. Fomula inasaidia kulinganisha hali mbili ambazo zinatofautiana kwa kitu kimoja: ombi lilelile kwa mjomba na kwa kaka, au mjomba yuleyule kwa laki mbili na kwa elfu mbili.

---

#6 BintiKilwa

Mvule, nakuheshimu lakini hapa lazima nikupinge, kwa kuwa fomula hiyo inavunjika hukuhuku kwetu, na inavunjikia mahali pawili.

Kwanza, mkwe. Mama mkwe ni ndugu wa karibu, pengine mnaishi kiwanja kimoja. Umbali ungepaswa kuwa mdogo. Lakini mkwe ndiye mtu unayempa staha kuliko karibu wote: macho chini, sauti chini, mambo mengine hayasemwi mbele yake kabisa, hupitishwa kwa mtu wa tatu. Pili, mtani. Huyo anaweza kuwa mgeni kabisa mliyekutana leo kwenye basi la Newala. Umbali mkubwa. Na papo hapo anakutukana, anadai umemwibia mali za babu yake, anakwambia ukanuke mbali, na mtu akikasirika, aliyekosa adabu ni aliyekasirika. Msibani mtani anachekesha huku watu wanalia, na ni kazi yake. Babu na mjukuu vilevile: bibi anamwita mjukuu wake "mume wangu" na hakuna uso uliotishiwa.

Kwa hiyo "umbali" wao umechanganya vitu viwili: ukaribu wa damu au wa kujuana, na staha ambayo uhusiano wenyewe unaidai. Kwa Kiswahili vitenganishwe.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Brown na Levinson walitumia Kiingereza, Kitzeltal cha Mexico na Kitamil cha India Kusini, wakasema wamepata mfumo wa binadamu wote. Uso wao ni *matakwa* ya mtu mmoja: nataka nipendwe, nataka niachwe. Sisi tunasema uso umeumbwa na haya. Sikilizeni methali hiyo vizuri. Uso kwetu ni mahali pa haya, yaani mahali pa wajibu. Mwenye uso ni yule anayejizuia. Asiye na haya tunasema ana uso mkavu, na hatumaanishi kwamba matakwa yake yameguswa, tunamaanisha ametenda lisilotendwa.

Mwanaisimu Sachiko Ide alilisema hili kwa Kijapani 1989: ipo adabu ya mkakati, ambayo msemaji anaichagua ili apate jambo, na ipo adabu ya kutambua nafasi, ambayo msemaji hana uchaguzi. Onuigbo Nwoye akaandika 1992 kuhusu Waigbo wa Nigeria, kwamba uso wa kundi unatangulia uso wa mtu mmoja. Na kwa Waswahili wenyewe, Saida Yahya-Othman aliandika 1994, akaieleza adabu kama jambo la mtu na jamii yake kuliko matakwa ya mtu binafsi.

Shikamoo ndiyo kipimo. Mtoto akimwambia mzee shikamoo, anaomba nini? Hana tendo tishio lolote la kulainisha. Asipoisema, amekosa, hata kama hakuwa na shida yoyote na mzee yule. Fomula inayoanza na tishio haina pa kuiweka shikamoo.

---

#7 Mvule_Mikindani

BintiKilwa, mkwe na mtani nakubali bila masharti. Kuhusu shikamoo nakubali nusu. Ni kweli kuitoa ni wajibu. Lakini *urefu* wa salamu baada ya shikamoo ni mkakati. Mzee akiitikia "marahaba", kijana mwenye shida anaongeza habari za nyumbani, za shamba, za mguu unaouma. Asiye na shida anapita. Wazee wanalijua hili, ndiyo maana salamu ikizidi kipimo mzee husema, "Haya, sema." Hapo Grice amerudi: salamu imezidi kiasi kinachotosha, kwa hiyo kuna neno nyuma yake.

---

#8 BintiKilwa

Hapo sawa. Basi tuseme hivi: wajibu unaweka sakafu, mkakati unajenga juu yake. Asiyefika sakafuni hawezi kujenga. Ndiyo maana ombi zuri lenye "tafadhali" tatu linakataliwa kama mtu hakusalimu.

Nyongeza kwa wanafunzi wanaotoka kwa wasemaji wa Kimakua na Kiyao: lugha hizo zina nafsi ya pili wingi kwa mtu mmoja anayeheshimiwa. Mtu akimwambia mzee mmoja "mmeamkaje?" msiandike "kosa la upatanisho". Ameleta heshima ya lugha yake ndani ya Kiswahili.

---

#9 Muuguzi_Nachingwea

Nasoma hapa nikiwa upande wa afya, na naomba tusiiache adabu kwenye salamu tu, kwa sababu kwetu inaweza kumdhuru mgonjwa.

Mgonjwa wa malaria amepewa dawa mseto, mtu mzima, vidonge 24: vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku tatu, na dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Siku ya tatu asubuhi anaulizwa, "Dawa unakunywa vizuri?" Anajibu "Ndiyo." Mtaalamu anaandika amekunywa. Lakini "ndiyo" ile ni jibu la heshima. Mtu mwenye mamlaka ameuliza swali ambalo jibu moja tu ndilo linalomfurahisha, na kusema "hapana" ni kumwambia muuguzi mbele ya watu kwamba maelekezo yake hayakufuatwa. Uso wa wawili umeshikwa na neno moja.

Swali libadilishwe: "Vimebaki vingapi? Tuvihesabu." Baada ya siku mbili kamili vinapaswa kubaki 8. Vikiwa 12, dozi moja imerukwa, na tumeijua bila mtu kukiri kosa. Namba haina haya.

Kadhalika "Umeelewa?" haina faida. Badala yake: "Hebu tuone kama nimekueleza sawasawa. Ukifika nyumbani utaanza na vingapi, saa ngapi?" Hapo kosa, kama lipo, linakuwa la aliyeeleza.

Na kuna kusema wazi ambako si ukosefu wa adabu. "Usisukume! Pumua!" kwa mama anayejifungua ni amri kavu, na ndivyo inavyopaswa, maana dharura inaondoa haja ya kulainisha, hilo hata Brown na Levinson wamelisema. Shida ni amri ileile kuhamia mapokezi, "Vua, lala hapo", ambako dharura hakuna. Neno "naomba" halichukui hata sekunde moja.

Tafsida nazo zina mpaka. "Haja ndogo", "siku zake", "sehemu za siri" zinasitiri, lakini "sehemu za siri zinauma" haielezi ni wapi. Msitiri kwanza mgonjwa kwa tafsida, kisha mpe picha au mwonyeshe mchoro, anyooshe kidole.

---

#10 Katibu_Tandahimba

Namba haina haya, nimeipenda hiyo. Naomba kuuliza kwa upande wa vyama vya msingi vya ushirika. Kwenye mikutano ya wakulima tunafundishwa kuondoa mtenda ili kupunguza ukali: "malipo yamecheleweshwa", "taarifa itatolewa". Hiyo ni adabu au si adabu?

---

#11 BintiKilwa

Ni mbinu halali ya kutosukuma: unaondoa mtu kwenye sentensi ili asilaumiwe. Inafanya kazi pale ambapo mtenda hana maana kwa msikilizaji. Kwenye pesa za korosho ana maana kubwa. Mkulima akisikia "yamecheleweshwa" bila nani, bila tangu lini, anafanya hesabu ya Grice: katibu anajua, amesema pungufu ya anachojua, kwa hiyo anaficha. Ulilainisha ukali, ukazaa shuku.

Gawa kauli mara tatu: kilichofanyika, kisichofanyika, na siku ya kurudi. "Mnada ulifanyika Ijumaa. Hadi leo asubuhi fedha haijaingia kwenye akaunti ya chama. Jumatano saa nne nitasimama hapahapa niwaambie, iwe imeingia au haijaingia." Kisha "poleni kwa kusubiri".

Na angalizo kwenye "pole". Mwanaisimu Geoffrey Leech (1983) aliorodhesha kaida sita za adabu, mojawapo ni ya kumhurumia mwenzako. "Pole" ni ya hapo. Haikiri kosa. Unampa pole hata aliyejikwaa mwenyewe. "Samahani" au "nisamehe" ndiyo inayokiri. Bodaboda akimgonga mtu halafu akasema "pole mama" peke yake, watu wanasikia: *hili si kosa langu*, na hapo ndipo sauti zinapopanda. Kama chama ndicho kilichochelewesha, "poleni" haitoshi. Semeni "tunaomba radhi".

---

#12 Korosho_Daraja1

Wakuu, na "karibu chakula"? Wageni kutoka mikoani wanatatizika sana nayo. Wengine hukaa kweli.

---

#13 Mvule_Mikindani

Swali zuri, maana hapa maneno ni yaleyale na tendo ni mawili.

"Karibu" inayosemwa mara moja, mkono wa mlaji ukiendelea kwenda mdomoni, na wewe unapita njia: hiyo ni salamu. Anayekula mbele ya mtu bila kukaribisha amekosa haya, kwa hiyo anatimiza wajibu. Jibu ni "asante, nimeshiba" au "starehe". Nimeshiba hapo haipimwi kwa ukweli, hata kama tumbo tupu. Kaida ya ukweli (ile ya Grice, kwamba mtu anasema kweli) imewekwa kando na wote wawili wanajua.

"Karibu" inayorudiwa, watu wakisogea kwenye mkeka, maji ya kunawa yakiletwa: huo ni mwaliko. Ukikataa mara ya kwanza ni unyenyekevu. Ukikataa baada ya maji kufika, umekataa watu. Kama kweli huwezi, nawa, onja tonge moja la ugali, shukuru. Tonge moja linatosha kulinda nyuso zote pale mkekani.

Mwenyeji akisema "chakula chenyewe ndicho hiki, mtuwie radhi", anajishusha (Leech tena). Asiitikiwe "kweli". Asifiwe kwa chakula chake.

---

#14 Mhitimu_Masasi

Swali la mwisho kutoka kwangu. Naandika tasnifu kuhusu maombi. Niliandaa dodoso: "Unataka kuazima ungo kwa jirani, utasemaje?" Karibu wote wameandika "tafadhali". Mmesema humu haisikiki sokoni. Nani mwongo?

---

#15 BintiKilwa

Hakuna mwongo. Dodoso limepima watu wanavyoamini maombi yanapaswa kuandikwa mbele ya mtu wa chuo. Uso wao mbele yako umeingia kwenye data. Usilitupe, lakini litumie kwa swali hilo tu: imani kuhusu adabu. Kwa matumizi halisi shika daftari. Omba ruhusa kwa wenye eneo, usirekodi kwa siri, na usiandike majina. Kwa kila ombi andika mahali, rika la wawili kwa makadirio, uhusiano, kilichotangulia, kauli neno kwa neno, na kilichofuata.

Kisha likate vipande vitatu, kama walivyofanya Blum-Kulka, House na Kasper (1989): kiita-usikivu, kiini, visaidizi. Mfano:

"Mama Salma, shikamoo. Pole na jua. / Nilikuwa naomba ungo mara moja / nipepete mchele, nakurudishia kabla ya adhuhuri."

Kiini ni cha katikati tu. Wengi wanachambua hicho na kutupa vilivyobaki, halafu wanaandika kwamba Waswahili wanaomba kwa ukali. Kwa Kiswahili mzigo mwingi wa adabu uko kwenye kipande cha kwanza. Tazama "Mama Salma": ameitwa kwa mwanawe, si kwa jina lake. Hesabu na hiyo.

---

#16 Mhitimu_Masasi

Na kama msikilizaji hakujibu kitu, nafasi ya "kilichofuata" niiache wazi?

---

#17 BintiKilwa

Hapana, usiiache wazi. Andika alikaa kimya kwa muda gani, na alikuwa anatazama wapi. Mtu akiombwa ungo akatazama chini kisha akasema "ngoja nimuulize mwenyewe", na ungo ni wake, umeshapata "hapana" yenye adabu kamili. Kwenye dodoso lako haimo hata moja.